Shure SM7B ndani ya chumba cha tofali: je, haisikii chumba?

Ndugu watazamaji, maikrofoni iliyo mbele yangu ni Shure SM7B, iliyotolewa mwaka 2001 kama mrithi wa SM7 ya mwaka 1973, na leo ninaichambua kwa swali moja: je, ni kweli kwamba haisikii chumba, yaani hainasi mwangwi wa kuta zake, kama wauzaji wengi wanavyodai?

Hiki ni chumba cha tofali za saruji chenye sakafu ya vigae. Nikipiga kofi moja, sikilizeni mlio mkali unaobaki hewani. SM7B ni ya dainamiki, yaani hugeuza sauti kuwa umeme kwa koili inayotikisika ndani ya sumaku, na hupokea zaidi sauti ya mbele kuliko ya nyuma, lakini mwangwi hauji kutoka nyuma peke yake, bali huzunguka kuta zote na kuingia hata kwa mbele. Kinachoamua hasa ni umbali wa mdomo. Kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti inayotoka moja kwa moja kinywani hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ilhali mwangwi hubaki karibu vilevile. Kwa hiyo mwimbaji anayesogea kutoka sentimita 10 hadi 40 hupoteza desibeli 12, na akiongeza sauti kwenye mashine ya kurekodia ili kuzifidia, chumba kizima kinapanda pamoja naye.

Wengi hubandika sponji ukutani nyuma ya maikrofoni, jambo ambalo kwangu ni kuanzia mahali pasipo na faida kubwa, kwa kuwa maikrofoni inamtazama mwimbaji na ukuta ulio nyuma yake. Godoro nene lisimamishwe huko, mgongoni kwa mwimbaji. Sponji nyembamba hunyonya sauti za juu tu na kuacha besi ikivuma. Kuta zilizoachana kwa mita 3 huvimbisha sauti za karibu na hezi (mitetemo kwa sekunde) 57 na 114, na hiyo ya pili, ambayo imo ndani ya sauti ya kawaida ya mwanamume, huwa na nguvu katikati kabisa ya chumba, mahali ambapo watu hupenda kusimika stendi. Sogeeni kando kidogo, ila msiingie kwenye kona.

Ukiikaribia sana maikrofoni hii, besi ya sauti yako huongezeka. Swichi iliyo nyuma ya maikrofoni huipunguza. Herufi p na b zikipuliza, igeuzeni kidogo pembeni ya mdomo.

Udhaifu wake mkubwa ni unyonge wa mawimbi ya umeme inayotoa: inahitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60, na mashine ya bei nafuu ikifikishwa huko huanza kutoa mchakacho. Kama mashine yako haifiki, mimi ningenunua Shure SM58, ambayo nayo ni dainamiki na bei yake ni ndogo mno, kisha fedha inayobaki ningenunulia magodoro mawili.