CutList Optimizer au OpenCutList: ipi ya kupangia plaiwudi?

Shiti ya kawaida ya plaiwudi ni milimita 2440 kwa 1220. Ukitaka vipande viwili vya upana wa 610, hesabu ya kichwani inasema vinatosha. Havitoshi: msumeno wa mviringo hula takriban milimita 3, na kipande cha pili kinapungua. CutList Optimizer na OpenCutList, programu za kupanga vipande kwenye shiti kabla ya kukata, zote mbili hukuruhusu kuweka upana wa mkato huo kabla ya kupanga, na kwa hilo pekee nazithamini.

CutList Optimizer hufunguka kwenye kivinjari, hata cha simu. Fundi wa Gikomba aliyepata oda ya kabati moja huandika vipimo, idadi na mwelekeo wa nyuzi za mbao, kisha anapata mchoro wa kumwonyesha mkata mbao. Ila vipimo unaviandaa mwenyewe, na tarakimu iliyokosewa hupita kimyakimya.

OpenCutList ni ya bure na ya chanzo huria, lakini hukaa ndani ya SketchUp ya kompyuta, programu ya kuchora vitu kwa 3D. Unachora kabati lenyewe kwanza, nayo husoma vipande kutoka kwenye mchoro. Mteja akibadilisha kimo cha rafu, unarekebisha mchoro na kutoa orodha upya. Karakana ya Ngong Road inayotengeneza makabati ya jikoni nzima ichague hii, hata kama kujifunza SketchUp kunahitaji subira.

Kwa milango, kokote utakakopangia, zuia vipande visizungushwe. Shiti itabaki na makombo zaidi, lakini nyuzi zitaelekea upande mmoja.