The Daily Mile shuleni: dakika 15 zinazofaa, na kazi ambayo haiwezi kuifanya peke yake

Shule anayosoma mwanangu hapa Dar es Salaam ilipowatangazia wazazi kwamba inaanzisha The Daily Mile, utaratibu wa watoto kukimbia au kutembea dakika 15 kila siku, barua iliyotufikia iliieleza kuwa ni programu ya kuzuia unene wa kupindukia kwa watoto. Nimeifuatilia kwa karibu tangu wakati huo, nikiwa mzazi na mjumbe wa kamati ya wazazi, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi na walimu wakuu wanaofikiria kuichukua. Ni huduma nzuri ambayo ningependa kuiona katika kila shule yenye uwanja, lakini sifa iliyopewa katika barua ile ni kubwa kuliko uwezo wake.

Asili yake ni Scotland. Mwezi Februari 2012, Elaine Wyllie, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya St Ninians mjini Stirling, aliwatoa wanafunzi nje wakimbie kuzunguka uwanja, akaona wengi wao wameishiwa pumzi baada ya mzunguko mmoja tu. Aliamua watoke kila siku, na utaratibu huo ukaenea Uingereza nzima na katika nchi nyingine nyingi. Masharti yake ni machache: mwalimu wa darasa huwatoa watoto kwa dakika 15 ndani ya saa za masomo, nao hukimbia au kutembea kwa mwendo wanaoumudu, wakiwa na sare na viatu vile vile walivyokuja navyo. Hakuna kubadilisha nguo, hakuna vifaa vya kununua, hakuna mashindano, na hakuna mtoto anayepandishwa kwenye mizani. Jina lake linataja maili, lakini kinachozingatiwa ni muda, si umbali, na dakika hizo haziondoi kipindi cha michezo kwenye ratiba. Kujiandikisha ni bure. Shule ikikutoza ada ya ziada kwa jina la programu hii, una haki ya kuuliza fedha hizo zinalipia nini.

Msomaji aliyesoma katika shule za Tanzania atasema mara moja kwamba huu ni mchakamchaka. Mambo haya mawili yanafanana kweli, na pale yanapotofautiana ndipo thamani ya huduma hii ilipo. Mchakamchaka tulioukimbia sisi ulikuwa wa alfajiri, kwa mstari na nyimbo, mwalimu wa zamu akiwa nyuma, na aliyechelewa alijua kinachomsubiri. Ulikuwa na raha yake, na nyimbo zile hazijatutoka vichwani hadi leo. Lakini katika mstari, mtoto mzito hubaki nyuma, na shule nzima humwona akibaki nyuma. Kwenye uwanja wa kuzunguka, mstari haupo. Baada ya mizunguko miwili ya mwanzo, wenye kasi wamekwisha kuwapita wa polepole, watembeaji wamechanganyika na wakimbiaji, na hata mwalimu aliyesimama pembeni hawezi kusema ni nani wa mwisho.

Nililiona hilo asubuhi moja darasa la tano lilipotoka. Msichana mmoja mwenye mwili mkubwa alianza kwa kutembea na rafiki yake huku wakizungumza. Walipofika kwenye kona yenye mwembe wakakimbia hadi kwenye mlingoti wa bendera, wakatembea tena, kisha wakakimbia tena. Hakuna aliyewacheka, wala aliyewasifia kwa sauti ya kuwahurumia, na kipenga kilipolia walirudi darasani na wenzao wakiwa wametokwa jasho kama wengine wote. Michezo yetu ya shule hulenga zaidi wale wachache watakaoiwakilisha shule katika UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na mtoto asiyechaguliwa huishia kushangilia. Hapa kila mtoto anacheza. Ikumbukwe pia kwamba katika shule nyingi binafsi za mijini mchakamchaka wenyewe umekwisha: watoto hupandishwa gari la shule kabla ya jua kuchomoza, hushushwa getini, hukaa darasani hadi mchana, na hurudishwa jioni kuanza kazi za nyumbani. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 za shughuli za kuuchangamsha mwili kila siku kwa watoto wa miaka 5 hadi 17, na kwa watoto wa aina hii robo saa ya uhakika ni mwanzo mkubwa.

Programu iliyozaliwa penye baridi na manyunyu inahitaji kurekebishwa kabla ya kuletwa Pwani. Darasa linalotolewa saa tano asubuhi mwezi Januari hurudi limelowa jasho na limechoka kiasi cha kutosikia somo linalofuata. Saa mbili au saa mbili na nusu ni bora zaidi, na maji ya kunywa lazima yawepo karibu na uwanja, si ofisini kwa mhasibu. Jambo la pili ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye idadi kubwa ya watoto wanaozaliwa na ugonjwa huo, na mtoto mwenye selimundu hapaswi kuishiwa maji mwilini wala kusukumwa hadi achoke kupita kiasi. Kwa kuwa kila mtoto anaruhusiwa kwenda kwa mwendo wake, programu inamfaa hata yeye, mradi mwalimu anajua hali yake na hamharakishi. Naishauri kila shule ikusanye taarifa za selimundu na pumu kutoka kwa wazazi kabla ya siku ya kwanza.

Sasa nije kwenye dai la kuzuia unene. Ushahidi unaonukuliwa zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Stirling, uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulilinganisha shule moja iliyoanzisha programu hii na nyingine isiyokuwa nayo, kwa watoto 391 wa miaka 4 hadi 12. Watoto waliokuwa kwenye programu waliongeza takriban dakika 9 za shughuli za kutoa jasho kwa siku ikilinganishwa na wenzao, walipunguza muda wa kukaa, walikimbia mbali zaidi katika jaribio la pumzi, na mafuta yaliyopimwa chini ya ngozi yalipungua kidogo. Hayo ni matokeo mazuri, ila ni ya shule mbili. Utafiti mkubwa zaidi ulifanyika Birmingham, ambako shule 40 ziligawanywa kwa bahati nasibu, nusu zikaanzisha programu na nusu zikaendelea kama kawaida. Baada ya mwaka mmoja, uwiano wa uzito na urefu wa watoto kwa jumla haukuonyesha tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili, ingawa kwa wasichana kulikuwa na nafuu ndogo.

Si programu hii pekee iliyokutana na ukuta huo. Katika eneo lile lile la katikati mwa Uingereza, mpango ulioitwa WAVES ulihusisha shule 54 na watoto zaidi ya 1,400, ukaongeza dakika 30 za mazoezi kila siku, ukaendesha madarasa ya mapishi kwa wazazi na watoto, na hata ukashirikiana na klabu ya soka ya Aston Villa. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2018, hayakuonyesha kwamba unene ulipungua kwa kiasi cha maana. Sisemi haya ili kuwakatisha walimu tamaa. Mtoto mwenye pumzi, misuli na usingizi mzuri amefaidika hata kama mizani haijasogea. Lakini mzazi aliyeahidiwa kwamba mwanawe atapungua, akaona hajapungua, ataiona programu nzima kuwa haina maana na kuiacha, na huo ndio ubaya wa kuitangaza kwa sifa isiyo yake.

Kinachokosekana hakihitaji utafiti kuonekana. Hatua chache kutoka pale watoto wetu wanapomalizia mbio pana dirisha la kantini, na wakati wa mapumziko foleni ya hapo ni ndefu kuliko ya bomba la maji. Rafu ya mbele ina soda, juisi za pakiti, krispi na biskuti za krimu. Chipsi zinatoka motomoto kwenye kikaango. Tunda pekee nililoliona ni ndizi zilizowekwa nyuma ya mzani, mahali ambapo mtoto wa darasa la pili hawezi kuziona. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina gramu zaidi ya 30 za sukari, yaani zaidi ya kilokalori 120, kiasi kinachozidi nguvu anayotumia mtoto wa kilo 30 kwa kukimbia polepole dakika 15. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2015 yanataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, ibaki chini ya asilimia 10 ya nguvu yote inayopatikana kwenye chakula kwa siku, na ikiwezekana chini ya asilimia 5. Chupa hiyo moja humvusha mtoto wa kawaida wa shule ya msingi kiwango hicho cha pili. Getini hali ni afadhali kidogo, kwa sababu akina mama wa pale huuza machungwa yaliyomenywa na karanga pamoja na ubuyu wa sukari na barafu za rangi.

Nchi zilizoamua kupambana na jambo hili kwa dhati zimegusa dirisha hilo. Chile, kwa sheria iliyoanza kutekelezwa mwaka 2016, imepiga marufuku kuuza shuleni vyakula vyenye alama nyeusi za tahadhari ya sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi. Meksiko ilizuia vyakula visivyofaa na vinywaji vya sukari katika shule zake kuanzia tarehe 29 Machi 2025. The Daily Mile haigusi chakula hata kidogo, wala haijidai kufanya hivyo. Ni shule zinazoichukua ndizo zinazojificha nyuma yake.

Kasoro nyingine ni udhaifu wake mbele ya mitihani ya taifa. Kwa kuwa hakuna anayeisimamia kutoka nje, uhai wake unategemea mwalimu wa darasa, na madarasa ya kwanza kuacha kutoka yalikuwa la nne na la saba, yaani watoto wanaokaa kwenye madawati muda mrefu kuliko wote. Ningependa ratiba ya shule iiandike kwa saa na dakika kama inavyoandika hisabati.

Kwa shule binafsi ya mjini yenye uwanja na watoto wanaofika kwa magari, naipendekeza bila kusita: nyota nne kati ya tano kama programu ya mazoezi, na mbili kama programu ya kuzuia unene, hadi pale itakapoambatana na chakula. Shule ya serikali ambayo watoto wengi hufika bila kunywa chai inapaswa kuhakikisha uji kwanza. Ripoti ya UNICEF ya Septemba 2025 inasema kwamba duniani watoto wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia sasa wamewazidi wenye uzito pungufu, ila ilitaja Afrika iliyo kusini mwa Sahara kuwa miongoni mwa maeneo ambako hali bado haijafika hapo, na mwalimu anayewakimbiza watoto wenye njaa anawadhuru.

Kamati yetu imeuandikia uongozi wa shule kuomba soda na juisi za pakiti ziondolewe kantini, maji yauzwe kwa bei ya chini kuliko kinywaji kingine chochote, na matunda yawekwe kwenye rafu ya mbele. Mkataba wa mwendesha kantini unamalizika Desemba, na tumeomba masharti hayo yaandikwe kwenye mkataba mpya kabla haujasainiwa.