TAHADHARI: "dawa ya magoti" ya yule jamaa wa stendi ya Mbezi

Jamani, mwenye mzazi anayesumbuliwa na magoti asome hii. Yule jamaa wa koti jeupe anayeuza "dawa ya mifupa" karibu na stendi ya Mbezi ni tapeli, na safari hii hakula hela tu.

Alifungua kapsuli mbele yangu, akamwaga unga kiganjani, wa kahawia, unanukia tangawizi kabisa, AKAULAMBA. Akakunja uso kwa ule uchungu, akacheka: "Mizizi mitupu dada, kemikali hamna." Wewe ungebisha? Kesho yake akapiga simu kumjulia hali mama. Hospitali gani wanakupigia simu? Halafu dawa ilifanya kazi! Mama mnayemjua, wa kushuka ngazi kwa kukaa, akaenda sokoni mwenyewe. Nikanunua nyingine, 45,000 chupa, na mama mkwe nikamwelekeza. Sijui nitamtazamaje.

Uso wa mama ukajaa, ukawa duara, sisi tukashangilia kanenepa. Mpaka alipozidiwa. Sukari juu, presha juu, na hajawahi kuwa na kisukari. Daktari akageuzageuza chupa, akauliza, "Maumivu yaliisha ghafla, eti?" Anashuku wamechanganya deksamethasoni, dawa kali ya steroidi, labda na diklofenaki ya kutuliza maumivu, si mgonjwa wake wa kwanza. Deksamethasoni yenyewe ni dawa nzuri, hata wagonjwa wa Uviko waliowekewa oksijeni walipewa, ila kwa kipimo na kwa muda. Ukiimeza kwa miezi bila kujua, sukari inapanda, mifupa inalika (ndiyo hiyo aliyosema anaitibu!), na tezi zilizo juu ya figo zinalala, haziutengenezei tena mwili homoni unayoihitaji. Kwa hiyo hata kuacha ghafla ni hatari. Mwenye mgonjwa anayeitumia ampeleke hospitali na chupa yake. Wa kwetu anapunguziwa taratibu.

Afungwe! Anajua fika anachosagia humo, na anachagua wazee makusudi. Faini haitoshi, atailipa kwa chupa kumi.

Lebo haina namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili wala tarehe ya kuisha, na ukituma pesa linatokea jina la mwanamke. Mizizi gani inamaliza maumivu usiku mmoja? Namba yake haipatikani tena. Chupa iliyobaki naipeleka TMDA, mamlaka ya dawa. Aliyemwona kituo kingine aandike hapa chini ni wapi.