Kuruka kwa mwavuli Diani: wanaorusha nawapa nyota tano, aliyeniuzia tiketi nampa moja

Mwaka wa 19 huu nafundisha fizikia sekondari hapa Tanga, na kila mwaka tukifika kwenye mada ya mwendo lazima mwanafunzi mmoja anyooshe mkono: "Mwalimu, mtu akidondoka kwenye ndege bila mwavuli anaweza kupona?" Desemba iliyopita nilivuka mpaka Horohoro, nikashuka Ukunda, nikaenda kuruka mwenyewe juu ya pwani ya Diani nikiwa nimefungwa na mrukaji mzoefu. Fedha nilidunduliza miezi 14. Naandika kuhusu huduma, lakini naandika pia kuhusu maneno niliyoambiwa siku ya kununua tiketi, maana yamenikaa rohoni mpaka leo.

Tiketi niliinunua kwa wakala wa watalii, ofisi ndogo kandokando ya barabara. Nilimuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza: mwavuli ukikataa je? Akacheka. "Wacha wasiwasi mama. Si chini ni bahari? Maji hayavunji mtu. Na kuna mwanamke Ulaya alianguka kilomita kumi bila chochote, akaamka akanywa chai."

Huyo mwanamke yupo kweli, na hapo ndipo uongo unapopata miguu. Anaitwa Vesna Vulović, mhudumu wa ndege ya Yugoslavia. Tarehe 26 Januari 1972 ndege yao, DC-9, ilipasuka angani juu ya kijiji cha Srbská Kamenice, Chekoslovakia. Walikuwamo watu 28, wakafa 27. Kitabu cha rekodi cha Guinness kinaandika kwamba alidondoka kutoka mita 10,160. Lakini hakudondoka peke yake hewani kama nazi. Alikuwa amebanwa na toroli la chakula ndani ya kipande cha mkia wa ndege, kipande kile kikaangukia mlima wenye miti na theluji. Aliyemfikia kwanza, Bruno Honke, alikuwa mganga wa jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili, akajua namna ya kumshika. Na chai hakunywa. Fuvu lilipasuka, uti wa mgongo ulivunjika, miguu yote miwili na nyonga vilivunjika, akazimia siku kadhaa. Alikuwa na miaka 22. Mtu akigeuza mateso yale kuwa maneno ya kuuzia tiketi, mimi inaniuma.

Nilimwambia yule wakala: kaka, mimi nafundisha haya. Akasema sawa mama, akanipa risiti.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha kweli na porojo. Mtu anayeanguka amelala kifudifudi haendelei kuongeza kasi milele. Hewa inamsukuma kutoka chini, na baada ya sekunde kama 12 kasi inatulia karibu kilomita 195 kwa saa, sawa na mita 54 kila sekunde. Kwa hiyo ukidondoka kutoka mita 1,000 au mita 10,000, unafika chini kwa kasi ileile takriban. Urefu wa anguko si swali kubwa. Swali ni umbali gani unapewa wa kusimamia. Ukisimamishwa ndani ya nusu mita, mwili unabeba mara 300 ya uzito wake. Ukipewa mita moja, mara 150. Ukipewa mita tatu za matawi yanayokatika na theluji inayodidimia, inashuka hadi mara 50. Hiyo 50 bado ni kubwa mno, lakini Dk. John Stapp wa jeshi la anga la Marekani alivumilia mara 46 tarehe 10 Desemba 1954, akiwa amefungwa mikanda kwenye kiti cha roketi kilichosimamishwa kutoka kasi ya zaidi ya kilomita 1,000 kwa saa ndani ya sekunde 1.4. Aliishi, macho yakiwa yamevilia damu.

Ndiyo maana waliopona karibu wote wana hadithi ya mti au theluji. Nicholas Alkemade, mpiga bunduki wa mkiani katika ndege ya Kiingereza, usiku wa tarehe 24 Machi 1944 mwavuli wake uliteketea kwa moto ndani ya ndege juu ya Ujerumani. Akaona afadhali kuruka kuliko kuungua. Mita kama 5,500, akapita kwenye misonobari, akatua kwenye theluji, akateguka mguu. Wajerumani waliomkamata hawakumwamini mpaka walipokagua mabaki. Juliane Koepcke, miaka 17, tarehe 24 Desemba 1971 ndege yao ilipigwa na radi juu ya msitu wa Peru, akashuka mita kama 3,000 akiwa amefungwa kwenye kiti chake, kiti kikapasua kichaka cha miti. Alitembea siku 11 akifuata kijito, kama baba yake alivyomfundisha, mpaka akakuta watu. Wenzake 91 walikufa, mama yake mzazi akiwemo.

Hao wote nawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyetua baharini.

Mimi nimezaliwa Kilindoni, Mafia, bahari naijua tangu sijaota meno ya pili. Ukiingia polepole maji yanakupisha, ukiingia kwa mita 54 kwa sekunde hayawahi kukupisha. Na hata ukibaki na pumzi, umezimia, uso uko chini, nani atakugeuza? Tarehe 30 Juni 2009 ndege ya kutoka Sana'a kwenda Moroni ilianguka baharini karibu na Komoro. Walikuwamo watu 153. Mkondo ulileta mabaki mpaka kwetu Mafia. Mjomba wangu mvuvi alirudi pwani siku moja bila samaki, akaketi kwenye gogo la ngalawa, hakusema neno mpaka magharibi. Aliyepona alikuwa binti mmoja tu, Bahia Bakari. Alikuwa ndani ya ndege ilipopiga maji, kisha akang'ang'ania kipande cha mabaki usiku kucha, na kuogelea alikuwa hajui vizuri. Ukitaka kuniambia bahari haivunji mtu, usiniambie mimi.

Basi, huduma yenyewe.

Nilifika saa mbili asubuhi kama nilivyoelekezwa. Upepo ulikuwa wa kaskazi, si mkali kwangu mimi niliyesimama chini ya mwembe, lakini walitazama kipimo chao wakasema hatupandi. Tulikaa mpaka saa nane na nusu mchana. Mzungu mmoja alianza kufoka kwamba kesho anasafiri. Msimamizi, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, akamwambia atarudishiwa fedha yake sasa hivi akitaka, ila ndege hairuki. Nikampenda pale pale.

Kungoja kulinipa nafasi ya kutazama kijana anayekunja miavuli, na hii ndiyo sehemu ningependa wanafunzi wangu wangeiona. Anafanya kazi kwenye mkeka mrefu, magoti chini. Kitambaa ni chepesi kama kanga iliyochakaa, lakini kikubwa kama chumba. Anazipanga kamba moja moja, anazipitisha katikati ya vidole kutafuta msokoto. Halafu akanionyesha kipande cha kitambaa cha mraba chenye pete nne za chuma kwenye pembe, kamba zote zinapita mle. "Mwalimu, hiki ndicho kinachokuokoa." Mwavuli ukichanua kwa mara moja katika kasi ile, unaweza kupasuka au kumuumiza mtu. Kile kitambaa kinazuiwa na hewa, kinateremka pole pole juu ya kamba, kinaulazimisha mwavuli ufunguke kwa sekunde kadhaa. Nilishika pete moja nikaizungusha mkononi. Ni kazi ileile ya misonobari ya Alkemade: kukupa umbali wa kusimamia. Tofauti ni kwamba hapa mtu ameipanga kwa mikono yake, akaikagua, kisha akaikagua tena.

Nikauliza kuhusu mwavuli wa akiba. Akaniambia yeye haruhusiwi kuukunja, unakunjwa na fundi mwenye leseni yake, unafungwa kwa uzi wenye lakiri. Wakanitolea kadi yenye tarehe na sahihi bila kununa. Na kuna kompyuta ndogo ndani ya mfuko, inapima kimo kwa mgandamizo wa hewa. Ikiona bado mnashuka kwa kasi na ardhi imekaribia, inakata kitanzi kinachofunga mwavuli wa akiba, hata kama wote wawili mmezimia.

Mrukaji wangu alikaza mikanda mpaka nikasimama kama nimeinama kidogo, akaniomba radhi. Vibano vinne vya chuma, viwili mabegani, viwili kiunoni. Kila kimoja alikivuta, akakigonga kwa kidole, akataja kwa sauti. Alifanya hivyo chini, akafanya ndani ya ndege, akafanya tena mlango ulipofunguliwa. Mara ya tatu nilitamani kulia kwa jinsi nilivyojisikia kutunzwa.

Tulitoka futi 10,000. Sekunde za mwanzo nilisikia tumbo likipanda, baada ya hapo sikuhisi kuanguka tena, nilihisi nimelalia hewa nzito. Hiyo ndiyo kasi iliyotulia, niliyoichora ubaoni miaka 19. Nyuma yetu kulikuwa na mwavuli mdogo unaokokotwa, kwa sababu watu wawili wakifungwa pamoja wanashuka kwa kasi kubwa kuliko mmoja. Chini niliona mstari mweupe wa mawimbi kwenye mwamba, ndani yake maji ya kijani, nje yake buluu iliyokolea. Nilihesabu mpaka 31. Kisha mvuto mabegani, mrefu, usioumiza, na kimya. Mrukaji akasema sikioni, "Mwalimu, umeuhisi mraba?" Nilikuwa nimeuhisi.

Tulitua kwenye mchanga, miguu mbele, makalio yakafuata. Watoto walikuwa wakicheza mpira wakatupisha.

Kasoro za pale uwanjani ni ndogo: hakuna kivuli cha kutosha kwa watu wengi, na maji ya kunywa ni heri uje nayo. Masikio yaliniziba mpaka jioni, mwenye mafua aahirishe. Vaa viatu vya kufunga kamba. Hijabu yangu walinisaidia kuibana chini ya kofia bila maneno mengi, mwenye kujistiri asihofu.

Kabla hujafungwa mikanda, omba uone kadi ya mwavuli wa akiba. Uliza kama ile kompyuta imewashwa, nawe uione taa au namba zake. Ukijibiwa kwa hadithi ya mtu aliyepona kwenye theluji, chukua mkoba wako uondoke, kwa sababu Diani hakuna theluji.

Yule wakala nimempelekea ujumbe wa kurasa mbili na hesabu zote nilizoandika hapa. Amejibu kwamba amewasomea vijana wake ofisini na ile kauli ya bahari wameiacha. Nitajua mwezi wa nne, binti yangu atakapotimiza miaka 18. Tiketi yake nimeshalipia, nilipiga simu moja kwa moja uwanjani.