Benchi la kujengea ukutani: lipi linafaa nyumba ya Mwanza

Sebule zetu nyingi ni ndogo. Sofa zikishaingia, mgeni anapita kiubavu. Benchi linalofuata ukuta linarudisha nafasi: futi 6 wanakaa watatu kwa raha, na chini unaweka mablanketi. Naanza na ninalolipendekeza zaidi.

1. Fremu ya chuma, juu mbao. Chukua skwea paipu, ifungwe ukutani kwa bolti, juu iwekwe plaiwudi ya milimita 18. Mchwa hali chuma, na ukihama unalifungua unaondoka nalo. Kabla hujamaliza kulipa, lipindue utazame viungo vya chini. Fundi mwenye haraka anachomelea nukta mbili tu, kisha anazifunika kwa rangi. Wewe unataka mshono uliozunguka kiungo chote, na rangi ya kuzuia kutu imetangulia ile ya mapambo. Kwa unyevu wa ziwani, chuma kitupu hakichelewi kuliwa na kutu.

2. Mbao ngumu. Mninga au mkangazi unapendeza kuliko vyote. Bei ndiyo imeushusha. Ukichukua paina, hakikisha imetiwa dawa. Na wenye nyumba za mlimani, Isamilo au Bugarika, mwangalie sana ukuta uliochimbiwa mlimani: mvua za Machi hadi Mei zikikolea, unatoa unyevu. Acheni upenyo wa vidole viwili nyuma ya benchi na mtoboe matundu ya hewa pembeni, la sivyo mablanketi yatanuka uvundo.

3. Baraza la tofali. Kwa veranda, hili ndilo la kwanza, halijali mvua wala jua. Ndani silishauri, maana likikosewa vipimo ni kulibomoa.

4. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Maji ya kudeki yakiifikia inavimba, skrubu zinalegea. Achana nayo.

Vipimo ndipo wengi wanapoumia. Kimo cha kukalia kiwe inchi 18, kihesabiwe pamoja na sponji ikiwa imekaliwa. Fundi akijenga fremu ya inchi 18 kisha akaongeza sponji ya inchi 4, miguu ya bibi itaning'inia. Kina kiwe inchi 18 hadi 20. Mfuniko wa sehemu ya mablanketi uwekewe kizuizi usije ukabana vidole vya watoto. Na kabla mbao haijakatwa, mwambie fundi achore benchi zima kwa chaki sakafuni, kisha fungueni mlango na madirisha yote mwone kama yanapita.