Matomo: inajua umebonyeza nini, haijui uko Mtwara

Wadau, karibuni. Mkisikia bodaboda zinapita, nipo Ligula, dirisha liko wazi, na kwa joto hili silifungi. Leo ni Matomo, ya kuhesabu wageni wa tovuti. Nina wiki mbili nayo kwenye tovuti yangu ya bei za korosho.

Kuiweka sielezi. Kama umewahi kuweka WordPress, hii haikushindi. Wakongwe mnaikumbuka ilipoitwa Piwik. Bei? Ukiiweka kwenye seva yako, programu yenyewe ni bure.

Sasa angalieni hapa, kumbukumbu ya ziara. Grafu achana nazo, hapa unamwona mtu mmoja mmoja. Huyu kaingia saa nne usiku, simu ya Android. Kafungua bei za mnada wa TANECU, ule ushirika wa Tandahimba na Newala, karudi mwanzo, kafungua bei tena, kaondoka. Huyo ana korosho ghalani! Kasoma mara mbili, haamini. Juzi nimekaa nawafuatilia hivi hadi chai imepoa.

Haya, kinachoniudhi. Mdogo wangu! Zima waifai, washa bando lako, fungua tovuti yangu. Tayari? Ameingia huyo. Bendera ya Tanzania, sawa. Chrome, sawa. Mji... Dar es Salaam. Dar es Salaam! Mtu yuko jikoni, namsikia anakoroga uji! Leo hata Mikindani hajafika, sembuse kuvuka Daraja la Mkapa! Ngoja nifungue na simu yangu, laini ya kampuni nyingine. Dar. Yaani kwa hii ramani Mtwara hakuna mtu, Tandahimba hakuna mtu, korosho zinajiuza zenyewe.

Wiki ya kwanza nilitaka kuifuta. Baadaye nikaona naionea. Kujua mji, yenyewe inasoma anwani ya IP tu, ile namba ya muunganisho wako wa intaneti, na bando la simu linatokea intaneti kupitia mitambo ya kampuni ya simu, siyo mnara wa hapo mtaani kwenu. Hizo anwani zikiandikwa Dar, na wewe unaandikwa Dar.

Mtasema nirudi kwa Google Analytics, ya Google ya kuhesabu wageni. Toleo lao la zamani nililimudu. Julai 1, 2023 likaacha kupokea takwimu mpya, tukahamia jipya, GA4, na mimi hadi leo humo ndani napapasa. Plausible, nayo ya kuhesabu wageni, ni nzuri, kila kitu ukurasa mmoja, kuki (kile kialama cha kukukumbuka kwenye kivinjari) haiweki, ila wakikuhifadhia wao unalipia kila mwezi. Kwa tovuti ya bei za korosho? Msimu ukiisha nalipa kwa nini?

Dawa niliyopata ni hii. Kiungo cha kundi la WhatsApp la Newala naongezea mwishoni ?mtm_campaign=newala. Cha Masasi, masasi. Matomo inaliandika hilo jina kama kampeni, najua mtu katoka kundi gani. Bila hivyo, mtu akitoka WhatsApp mara nyingi anaandikwa kaja moja kwa moja. Newala mko vizuri. Masasi, jamani, mnaniangusha.

Halafu usinicheke: siku ya kwanza niliona wageni 11, nikamwita mama aje aone. Tisa ni mimi mwenyewe. Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuiambia isikuhesabu, chagua ya kuki. Ya IP haitufai, bando la simu linabadilisha anwani kila mara.

Aliyeuliza ile ramani ya kuonyesha watu wanabonyeza wapi zaidi, ni nyongeza ya kulipia, sijanunua. Na video ya Jumamosi haikutoka, umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuhariri. Itatoka Alhamisi. Ambaye hajajiunga na chaneli ajiunge, kengele iko hapo chini.

Mdogo wangu, mara ya mwisho! Nimekutumia kiungo kingine, kifungue. Ehee. Wadau, someni wenyewe: kampeni, jikoni. Mji, Dar es Salaam.

Uji ukiiva niite.