Darubini ya 3–9×40 iliyogoma kurekebishika: uzoefu wangu kabla ya msimu wa kuwinda

Darubini ninayoieleza ni ya ukubwa wa kawaida: 3–9×40 (ukuzaji wa mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele ya milimita 40), bomba la milimita 25.4, vizungushio vya kurekebishia shabaha vilivyoandikwa 1/4 MOA, yaani kila kliki ni robo ya dakika ya pembe, juu ya bunduki ya .30-06. Jina la kiwanda siliweki, kwa sababu ugonjwa huu huzipata darubini za kila bei. Dalili zake ni hizi: unazungusha kliki 10 kupandisha, risasi hazisogei. Unaongeza 8, bado. Risasi inayofuata inaruka sentimita 13 kwa mpigo mmoja. Au kushuka inakubali, kupanda inakataa.

Kwa sisi tunaowinda Uganda kwa leseni, hili si jambo dogo. Kobu, kuro au nyati aliyejeruhiwa akapotea nyikani hulipiwa kama aliyeuawa, na mateso ya mnyama yule ni yetu. Bunduki isiyoaminika isitoke kambini.

Kwanza elewa kinachotokea ndani. Kizungushio hakisogezi bomba la nje. Ndani yake kuna bomba dogo lenye lenzi. Skrubu ya kizungushio inalisukuma upande mmoja, na springi inalisukuma upande wa pili. Katika darubini nyingi, ukizungusha kupandisha, skrubu inarudi nyuma na kazi yote inabaki kwa springi. Ndiyo maana kupanda hukwama kabla ya kushuka: springi imechoka, au bomba dogo limebanwa mahali na springi haina nguvu ya kulitoa. Teke la risasi ndilo linalolishtua, na hapo kliki zote 18 zinaingia kwa pamoja. Hesabu yenyewe inathibitisha: kliki moja ya robo dakika ni milimita 7.3 kwenye mita 100, kwa hiyo 18 ni sentimita 13.

Hapa wengi wanajikwaa. Maandishi ya kwenye kizungushio yanahesabu kwa yadi na inchi, lakini viwanja vyetu vinapimwa kwa mita. Tena kwenye mita 25 kliki moja ni milimita 1.8 tu. Risasi ikiwa imekosa kwa sentimita 5 katika umbali huo, unahitaji kliki 27 au 28. Anayezungusha 5 na kulalamika kwamba darubini haifanyi kazi, anaionea.

Sasa fundi aanzie wapi? Aanzie kwenye pete zinazoishika darubini. Kwa uzoefu wangu ndizo zenye lawama mara nyingi kuliko darubini yenyewe. Mtu anakaza kwa alenki (ufunguo wa pembe sita) kwa nguvu zote, bomba linabonyea kidogo, na la ndani linabanwa. Toa bolti, hakikisha chemba na magazini ni tupu, kisha legeza skrubu za pete za juu nusu mzunguko na ujaribu tena vizungushio. Kliki zikibadilika ghafla kutoka uzito wa matope hadi mlio mkavu unaosikika, umeshampata mkosaji. Pete hukazwa kwa inchi-pauni 15 hadi 18, yaani takriban nyutoni-mita 2. Kama huna bisibisi ya kupimia nguvu, ingiza mkono mrefu wa alenki kwenye skrubu na uzungushe ule mfupi kwa vidole viwili na kidole gumba. Vidole vikishindwa, inatosha. Kaza kwa kupokezana, kushoto na kulia, ili mwanya wa pande zote mbili ubaki sawa. Dawa ya kugandisha skrubu weka kwenye zile za reli inayobeba pete juu ya bunduki, si za pete: kwenye pete inalainisha nyuzi na unajikuta umekaza kupita kiasi bila kujua.

Angalia pia kama pete imegusa ule uvimbe wa katikati unaobeba vizungushio. Inatakiwa kuwe na nafasi ya milimita chache. Ikigusa, kila teke linasukuma pale pale.

Baada ya pete, reli. Skrubu zake ni inchi-pauni 20 hadi 25. Ile ya mbele kabisa ikiwa ndefu kupita kiasi, inafika kwenye nyuzi za mtutu kabla ya kuibana reli. Mkono unahisi imekaza, reli inacheza. Kisha skrubu mbili kubwa zinazofunga chuma kwenye kitako. Bunduki ya kitako cha mbao iliyokaa kwenye unyevunyevu wa vinamasi vya nzohe, ikapelekwa kwenye ukavu wa Karamoja, mbao yake hubadilika na skrubu hulegea. Pitisha noti ya shilingi elfu kati ya mtutu na mbao. Ikikwama njiani, mbao inausukuma mtutu, na hakuna darubini itakayotibu hilo.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakihitaji risasi. Ng'oa darubini, iweke kwenye ukuzaji mdogo, 3, kisha simamisha lenzi ya mbele ikigusa kioo cha kujitazamia. Chungulia kwa nyuma. Utaona msalaba wa kulengea na kivuli chake. Vikiwa vimeachana, bomba la ndani haliko katikati. Zungusha polepole mpaka vilaliane. Hapo ndipo pa kuanzia. Bomba la ndani ni duara ndani ya duara: likiwa limeegemea kabisa kulia, nafasi ya kupanda inapungua sana. Mtu anayesema kizungushio cha juu kimefika mwisho mara nyingi tatizo lake liko kwenye cha ubavuni.

Kama ukiwa katikati risasi bado ziko chini sana, usimalize kliki zote. Kata kipande cha kopo la soda, unene wake ni kama milimita 0.1, ukiweke chini ya reli upande wa nyuma. Pete zikiwa zimeachana sentimita 12, kipande kimoja kinapandisha risasi karibu sentimita 8 kwenye mita 100. Kisiwekwe kati ya pete na bomba kamwe.

Halafu jaribio la mraba. Bana bunduki isitikisike, weka karatasi yenye vipimo kwenye mita 50, chungulia bila kufyatua: kliki 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Kila upande usome sentimita 7.3, na msalaba urudi pale ulipoanzia. Lakini bila teke jaribio hili ni nusu, kwa hiyo malizia kwenye uwanja ulioruhusiwa, mita 100, risasi 3 kila kona na 3 za kurudi. Ni risasi 15, na bei yake inauma, ila fundo la mwisho, yaani kundi la matundu ya risasi 3 za kurudi, ndilo linalosema ukweli. Mtutu upoe kati ya mafundo.

Hii yangu ilipita kwa jicho ikaanguka kwa teke: fundo la kurudi lilikaa sentimita 6 chini ya la kwanza, pete zikiwa sawa. Hiyo ni springi. Wapo wanaogonga kizungushio kwa mpini wa bisibisi, au kupitiliza kliki 10 kisha kurudi. Inasaidia siku moja kwenye meza ya kulengea, lakini porini hutakuwa na bisibisi mkononi. Wala usiifungue. Ndani mna naitrojeni, na ukivunja muhuri, asubuhi ya kwanza yenye baridi lenzi zitaingia ukungu, na dhamana imekwisha.

Hukumu yangu: lenzi ni safi hadi jioni, kliki zinasikika, nafasi ya sentimita 9 kati ya jicho na lenzi ya nyuma inatosha. Kwa bunduki ya teke dogo, .22 au .223, ningeinunua tena. Kwa .30-06 hapana, na kwa .375 ya nyati usithubutu. Irudishe dukani ukiwa na karatasi ya mraba na mafundo yake. Fundi akiiona hana haja ya maelezo mengi. Nayo mpya itakayokuja, kabla ya kuifunga, hesabu kliki zote kutoka mwisho mmoja hadi mwingine na uandike namba hiyo kwa kalamu ndani ya kifuniko cha kizungushio.